Programu tatu, bei tatu: niamini ipi kati ya mti, Monte Carlo na gridi?

Swali: "Habari, mtaalamu. Ninaandika tasnifu ya uzamili na nimetunga programu tatu za kukokotoa bei ya opsheni ya kuuza ya Kimarekani. Hisa iko dola 100, bei ya makubaliano ni 100 vilevile, riba asilimia 5, mtikisiko wa bei asilimia 20 kwa mwaka, muda ni mwaka mmoja, gawio hakuna. Mti wa binomia wenye hatua 1,000 unanipa 6.09, lakini hatua zikiwa chache jibu linaruka juu na chini kila nikiongeza hatua moja. Monte Carlo inang'ang'ania 5.57 hata nikifikisha njia milioni moja. Gridi yenye vipande 300 vya bei (kutoka dola 0 hadi 300) na hatua 1,000 za muda inatoa namba za mabilioni, nyingine hasi. Mwenzangu darasani anasema niamini Monte Carlo kwa sababu ndiyo ya kisasa. Kaka yangu naye ameanza kununua opsheni za Marekani kwa simu na anataka kuitumia programu yangu. Niamini ipi?"

Amini mti, ule unaogawa muda kwa hatua ambazo bei hupanda au kushuka. Bei ya opsheni hiyo, yaani haki (si wajibu) ya kuuza hisa kwa bei ya makubaliano, ni 6.09, ukisogea hadi tarakimu nne baada ya nukta ni kama 6.0904. Lakini usizitupe hizo programu mbili nyingine, kwa sababu kila moja inakuambia jambo la kweli kuhusu kosa lake. Monte Carlo yako, inayozalisha njia nasibu za bei na kuchukua wastani, imejibu kwa usahihi swali ambalo hukuliuliza. Gridi yako, jedwali la bei na muda, imeharibiwa na namba moja tu, ile 1,000. Na kuruka kwa mti kuna sababu inayoeleweka na dawa yake ipo.

Kwanza tuliondoe hilo la usasa. Phelim Boyle alionyesha jinsi ya kutumia Monte Carlo kwa opsheni mwaka 1977. Mwaka huohuo Brennan na Schwartz walitumia gridi kukokotoa opsheni ya kuuza ya Kimarekani. Mti wa Cox, Ross na Rubinstein ulichapishwa 1979. Kwa hiyo kati ya hizo tatu, mti ndio mdogo kwa umri! Umri wa mbinu hauamui lolote. Kinachoamua ni aina ya mkataba ulio mezani: una vyanzo vingapi vya bahati nasibu, na mwenye mkataba ana haki ya kuamua lini.

Haki hiyo ndiyo iliyopotea katika Monte Carlo yako. Opsheni ya Kiulaya hutekelezwa siku ya mwisho tu, ya Kimarekani siku yoyote hadi hapo. Kwa takwimu zako, fomula ya Black na Scholes ya mwaka 1973 inatoa 5.5735 kwa opsheni ya kuuza ya Kiulaya. Itazame tena 5.57 yako. Umezalisha bei za hisa za siku ya mwisho, ukachukua faida ya kila njia, ukaipunguza kwa riba ya mwaka mzima, ukapata wastani. Hesabu hiyo ni safi, ila hakuna mahali programu ilipomuuliza mwenye opsheni kama angependa kuuza hisa mapema, achukue dola zake 100, na aanze kula riba. Tofauti ya 6.09 na 5.57, yaani senti 52 hivi, ndiyo thamani ya ruhusa hiyo. Riba ingekuwa sifuri, ruhusa hiyo isingekuwa na thamani, na mti na Monte Carlo yako zingekubaliana.

Nakuonya kuhusu njia ya mkato ambayo wanafunzi wengi huikimbilia wakishagundua hili. Huchukua kila njia ya bei, hutafuta siku ambayo faida ilikuwa kubwa kuliko zote, na kuihesabu hiyo. Jibu hupanda mno, kwa sababu umempa mwenye opsheni macho ya kuona kesho. Yeye hajui kama bei ya leo ndiyo ya chini kabisa. Anajua yaliyopita tu. Uamuzi wake lazima utokane na bei ya leo ikilinganishwa na matarajio ya kuendelea kusubiri.

Longstaff na Schwartz, katika makala yao ya 2001, waliyakadiria matarajio hayo kwa regresheni, yaani kutafuta mkunjo unaolingana vyema na data. Zalisha njia, tuseme 100,000, zenye tarehe 50 za maamuzi. Anza siku ya mwisho urudi nyuma. Katika kila tarehe chukua njia zile tu ambazo opsheni ina faida papo hapo, yaani hisa iko chini ya 100. Kwa njia hizo, fanya regresheni ya fedha zilizopatikana baadaye (zikiwa zimepunguzwa kwa riba hadi tarehe hiyo) dhidi ya 1, x na x², ambapo x ni bei ya hisa ikigawanywa kwa bei ya makubaliano. Ukitumia bei ghafi badala ya x, namba kama 100 na 10,000 zinakaa safu kwa safu na regresheni inaanza kupoteza usahihi, hasa ukiongeza vipeo vya juu. Faida ya papo hapo ikizidi makadirio ya kusubiri, njia hiyo inatekelezwa hapo, na fedha zake za baadaye zinafutwa.

Mahali watu wanapojikwaa ni hapa: makadirio ya regresheni ni ya kufanyia uamuzi tu. Njia isipotekelezwa, ibakizie fedha zilizopatikana kweli katika njia hiyo, usiandike makadirio mahali pake. Ukiyaandika, makosa ya regresheni yanajirundika hatua kwa hatua na bei inavimba. Ukishapata kanuni ya maamuzi, ijaribu kwenye njia mpya kabisa zenye nambari nasibu nyingine. Jibu litakuwa chini kidogo ya 6.09, kwa sababu kanuni iliyokadiriwa haiwezi kuishinda kanuni bora, na kwa sababu tarehe 50 si kila siku. Hilo ni kosa lenye mwelekeo unaoujua, na kosa la namna hiyo ni rafiki.

Kuhusu "njia milioni": Monte Carlo hukosea kwa kiasi kinachopungua kwa kipeuo cha pili cha idadi ya njia. Kwa opsheni yako ikiwa ya Kiulaya, mchepuko sanifu wa faida iliyopunguzwa kwa riba ni kama 8.66. Tuseme njia ni 10,000: gawanya kwa kipeuo chake, ambacho ni 100, upate 0.087. Zidisha kwa 1.96: mara 95 kati ya 100 jibu lako litakuwa ndani ya senti 17 za bei halisi. Ukitaka liwe ndani ya senti moja unahitaji njia karibu milioni 2.9. Basi usichapishe kamwe namba ya Monte Carlo bila kuandika kosa lake sanifu pembeni. Na ona kwamba kwa njia milioni moja kosa lako sanifu lilikuwa 0.0087 tu, ilhali ulikuwa mbali na 6.09 kwa senti 52. Kuongeza njia huondoa kelele. Hakuwezi kuondoa kosa la kuuliza swali lisilo lenyewe.

Sasa mti. Kwa hatua 50, urefu wa hatua Δt ni 0.02 ya mwaka; σ ni mtikisiko na r ni riba. Kipimo cha kupanda u = exp(σ√Δt) ni 1.02869, cha kushuka d = 1/u ni 0.97211, na uwezekano wa kupanda p = (exp(rΔt) − d)/(u − d) ni 0.5106. Huo p haukuambii kama hisa itapanda. Ni uzito unaofanya hisa ikue kwa wastani sawa na riba, basi. Kutoka mwisho unarudi nyuma: thamani ya kila kifundo (nukta ya mti) ni exp(−rΔt) mara wastani wenye uzito wa vifundo viwili vinavyofuata, kisha unailinganisha na 100 − S (S ni bei ya hisa hapo) na kuchukua iliyo kubwa. Ulinganisho huo ufanyike katika kila kifundo, sio kwenye safu ya mwisho peke yake. Huhitaji jedwali zima kwenye kumbukumbu ya kompyuta: safu moja yenye namba 1,001 inatosha kwa hatua 1,000, na kazi yote ni kama vifundo nusu milioni, jambo la kufumba na kufumbua.

Kwa nini linaruka? Chukua ile ya Kiulaya ambayo tunalijua jibu lake, 5.5735. Mti wa hatua 50 unatoa takriban 5.53, wa hatua 51 unatoa 5.61. Hatua 100 zinatoa 5.55, hatua 101 zinatoa 5.59. Shufwa iko chini, witiri iko juu. Faida ya opsheni ina kona kali pale kwenye 100. Bei ya kuanzia ikiwa 100 na hatua zikiwa shufwa, kifundo kimoja cha mwisho kinatua juu ya kona hiyo barabara. Hatua zikiwa witiri, kona inaangukia katikati ya vifundo viwili. Mti hauoni kilichopo kati ya vifundo vyake, kwa hiyo kila ukibadilisha mpangilio unaipima kona kwa namna nyingine. Bei ya makubaliano ingekuwa 105, mruko ungekuwa wa ovyo zaidi, usiofuata shufwa na witiri kwa unadhifu huu.

Dawa rahisi ni wastani wa majibu mawili jirani: 50 na 51 zinakupa 5.57. Dawa ninayoipenda zaidi ni ile ya Broadie na Detemple ya 1996. Katika safu iliyo kabla ya mwisho, usitumie matawi mawili. Weka pale fomula ya Black na Scholes kwa muda Δt uliobaki, kisha linganisha na faida ya papo hapo. Kona inalainika na mruko unakufa karibu wote. Hapo ndipo unaweza kutumia hila ya Richardson: kokotoa kwa hatua N na 2N, kisha chukua mara mbili ya jibu la 2N na kutoa jibu la N. Usiifanye hila hii kwenye mti mbichi unaoruka, kwa kuwa itaikuza ile kelele badala ya kuifuta. Leisen na Reimer nao wana mti uliopangwa kuizunguka bei ya makubaliano; huo utumie kwa hatua witiri tu.

Kuna tahadhari ya mti ambayo vitabu vingi huipita haraka, na kwetu Afrika Mashariki ina uzito. p lazima ibaki kati ya 0 na 1. Fikiria opsheni ya sarafu, riba ya shilingi asilimia 12, ya dola asilimia 5, na shilingi imetulia kiasi kwamba mtikisiko ni asilimia 2 kwa mwaka. Tofauti ya riba ni asilimia 7, nayo huchukua nafasi ya r katika p. Ukitumia hatua 12, mwezi kwa mwezi, p inatoka 1.005. Programu haitalalamika, itaendelea kuzidisha na kukupa bei iliyojengwa juu ya uwezekano unaozidi mmoja. Sharti ni √Δt iwe ndogo kuliko mtikisiko ukigawanywa kwa tofauti ya riba, hapa 0.286, yaani hatua 13 au zaidi kwa mwaka. Andika mstari mmoja wa kukagua p na usimamishe programu ikivuka mipaka.

Tatizo la gridi yako ni ndugu wa hilo. Umetumia mpango wa moja kwa moja: thamani mpya ya kila nukta ni jumla yenye uzito ya nukta tatu za hatua iliyotangulia. Uzito wa nukta ya katikati ni takriban 1 − σ²j²Δt, ambapo j ni namba ya mstari wa bei. Mstari wa juu j ni 300 na Δt ni 0.001, hivyo 0.04 × 90,000 × 0.001 = 3.6, na uzito ni hasi 2.6. Kila hatua ya muda, kosa dogo la kukadiria tarakimu linageuzwa ishara na kukuzwa. Lirudie hilo mara mia kadhaa upate mabilioni yako, chanya na hasi kwa zamu. Ugonjwa unaanzia mstari wa 159 kwenda juu, eneo ambalo hakuna anayelijali kwa opsheni ya 100, halafu unatambaa kushuka hadi kwenye jibu lako.

Ili mpango huo usimame, σ²j²Δt isizidi 1 kwenye mstari wa juu kabisa: kwako ni hatua 3,600 angalau, weka 4,000 uwe na nafasi. Ukipunguza upana wa vipande kwa nusu, hatua za muda zinazohitajika zinakuwa 14,400, mara nne zaidi, na kazi yote mara nane. Ndiyo maana watu huhamia kwenye mpango wa Crank na Nicolson, uliobuniwa mwaka 1947 kwa ajili ya kukokotoa mtiririko wa joto. Si ajabu kuukuta hapa: ukibadilisha vigezo, mlinganyo wa Black na Scholes unageuka kuwa mlinganyo wa joto. Mpango huu haulipuki, na unatatua mfumo wa milinganyo yenye diagonali tatu kila hatua, kazi ambayo kwa nukta 300 ni nyepesi sana.

Lakini kutolipuka si sawa na kuwa sahihi. Kona ileile ya faida inaufanya Crank na Nicolson utetemeke karibu na 100 ikiwa hatua za muda ni kubwa. Bei yenyewe inaweza kuonekana nzuri huku gama, kile kipimo cha jinsi delta (kiasi ambacho bei ya opsheni husogea hisa ikisogea dola moja) inavyobadilika, ikipanda na kushuka kama meno ya msumeno. Chora gama kabla ya kuiamini gridi yoyote. Tiba ni ya Rannacher: badala ya hatua mbili za mwanzo kutoka ukomoni, fanya hatua nne za nusu kwa mpango usio wa moja kwa moja kabisa, ule wa Euler, kisha endelea na Crank na Nicolson. Kwenye mipaka weka 100 pale hisa ikiwa 0 na weka 0 pale hisa ikiwa 300. Kwa haki ya kutekeleza mapema, kuchukua iliyo kubwa kati ya thamani na 100 − S baada ya kila hatua kunafanya kazi, ila usahihi wa muda unashuka daraja. Kwa tasnifu ningetumia mbinu ya kurudiarudia yenye ulinganisho ndani ya kila mzunguko, kigezo chake cha kuharakisha kikiwa kati ya 1.2 na 1.6.

Kwa opsheni yako moja juu ya hisa moja, basi, mti uliolainishwa unatosha na ndio rahisi kuukagua. Gridi inakuwa bora unapotaka bei, delta na gama kwa bei nyingi za hisa kwa mpigo mmoja, au mtikisiko unapobadilika kulingana na bei ya hisa. Monte Carlo itunze kwa siku utakapokuwa na kapu la hisa tano au mkataba unaotegemea wastani wa bei za mwaka mzima. Hapo gridi yenye nukta 100 kwa kila hisa ingehitaji nukta 100⁵, yaani bilioni kumi, ilhali Monte Carlo haijali idadi ya hisa.

Kabla hujaandika sura ya matokeo, zipitishe programu zote kwenye majaribio haya. Zima utekelezaji wa mapema: zote zitoe 5.5735. Geuza iwe opsheni ya kununua ya Kimarekani bila gawio: zote zitoe 10.4506, sawa na ya Kiulaya, kwa kuwa hakuna faida ya kuitekeleza mapema. Weka riba sifuri: ya kuuza ya Kimarekani na ya Kiulaya ziwe sawa. Weka hisa dola 40: jibu liwe 60 kamili, kwa kuwa huko inafaa kutekeleza mara moja. Programu inayofaulu yote manne bado inaweza kuwa na kosa, lakini itakuwa kosa la kujificha sana. Kama baada ya hapo namba bado zinagongana, nenda ukakae na msimamizi wako mkiwa na msimbo wazi mbele yenu, mkipitia mti wa hatua tatu kwa kalamu na karatasi. Mtu wa mbali hawezi kuona faharasa iliyoanzia 1 badala ya 0.

Kuhusu kaka yako nitakuwa mkweli. Kwa opsheni hii, mtikisiko ukibadilika kwa asilimia moja tu, kutoka 20 hadi 21, bei ya Kiulaya inasogea kwa karibu senti 38. Kosa la mti wa hatua 50 lilikuwa senti 4. Kwa maneno mengine, ukiukadiria mtikisiko vibaya kidogo, umeshapoteza usahihi wote ulioupigania kwa mwezi mzima, na mtikisiko wa mwaka ujao hakuna programu inayoujua. Bei ya skrini ikitofautiana na yako, kwa kawaida ni soko linalotumia mtikisiko mwingine, gawio ambalo hukuliweka, au ada na pengo kati ya bei ya kununua na ya kuuza. Tofauti hiyo peke yake si ishara ya kununua. Mnunuzi wa opsheni anaweza kupoteza kila senti aliyolipia, na anayeiuza bila kinga anaweza kupoteza zaidi ya hapo. Kabla hajaweka fedha nyingine, aonane ana kwa ana na dalali au mshauri mwenye leseni, na ahakikishe kampuni ya hiyo programu ya simu inatambuliwa na mdhibiti: Tanzania ni Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, Kenya ni Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Akikutana na kampuni inayomkatalia kutoa salio lake, au inayodai alipe kwanza ndipo atoe, asiongeze hata shilingi; apeleke vielelezo vyote kwa mdhibiti na polisi siku hiyohiyo.